Kitasa Nilichomfungia Waya

Dukani kwa Baba,
Kibanda cha funguo, mkabala na lililokuwa ghala la rangi.

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mto, goti limetulia, na miwani iko puani, si chini ya godoro ulikoipoteza mara ya mwisho. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua inasaidia, au bado unamtesa binti wa jirani akuinue kama gunia? Nijibu ukweli, maana kila ukituandikia kwamba hujambo kabisa, sisi huku tunajua hapo hujambo nusu.

Wifi yako, yaani Mama, anaendelea. Presha yake inapanda na kushuka, na mdomo wake haujapungua hata kidogo, kwa hiyo tunashukuru. Mimi mwili hauna neno. Ila sitakuficha, Shangazi: naogopa. Nimechukua karatasi ili mikono ipate kazi, kwa sababu tangu asubuhi nimeshaharibu funguo mbili za wateja.

Mdogo wangu ametoka nyumbani saa mbili kwenda kituoni kunywa dawa. Ni mwendo wa dakika kumi. Aliahidi kwamba akimaliza atanipitia hapa dukani. Leo ndiyo mara ya kwanza anakwenda peke yake, na sasa ni saa tatu na nusu, na kila anayekatiza mbele ya dirisha nadhani ni yeye, kumbe siye.

Kwenye barua yako ya mwisho ulituuliza kama tumefanya ulivyotuagiza. Ndiyo, Shangazi. Tulifanya. Tulimfungia ndani. Acha nikueleze lilivyokwenda, na nikuombe mapema usije ukadhani nakulaumu. Uliagiza wewe, lakini kitasa nilikifunga mimi kwa mikono yangu.

Kwanza nikupe habari ya kituo, maana uliondoka kabla hakijaja. Unakumbuka zamani mtu akitaka kuacha unga wa kulevya ilimlazimu kwenda hospitali kubwa, upande wa pili wa jiji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku ya Mungu. Na akiwa na matatizo ya akili juu yake, huko wanamwambia aanzie kwa daktari wa akili, na daktari wa akili anamwambia aache kwanza unga ndipo aje. Watu wa mitaa yetu walikuwa wakienda wiki moja, ya pili wanachoka. Sasa wameileta huduma hapa hapa. Lile ghala la rangi wamelipaka chokaa, wakakata madirisha, wakaweka mabenchi. Kuna muuguzi, kuna mfamasia, kuna mshauri wa kuongea na watu, na daktari wa akili anakuja siku mbili kwa wiki. Wote chini ya bati moja.

Mtaa ulichachamaa. Jirani yetu fundi cherehani alipita nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi, anasema tunaletewa wezi mlangoni. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye benchi la kusubiria, amejifunika mtandio hadi machoni, pembeni yake mume wake. Nilimsalimia kama vile nimemkuta sokoni, naye akanijibu hivyo hivyo. Mpaka leo hatujalizungumza.

Mimi waliniita kufunga makufuli. Kabati la dawa la kule lina makufuli mawili, Shangazi. Ufunguo mmoja anakaa nao muuguzi, wa pili anakaa nao mfamasia, na hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Nikamtania muuguzi, nikamwambia, Sista, kazini kwenu hamwaminiani? Akacheka. Akasema, "Hapana, fundi. Dawa hii mtu hatakiwi kuwa nayo peke yake. Hata mimi sijitaki nikiwa nayo peke yangu." Niliondoka na maneno hayo, lakini sikuyatia akilini wakati ule.

Ndiyo nikampeleka mdogo wangu, Waya. Unajua jina hilo alipewa na Baba kwa sababu tangu ana miaka saba hapakuwa na mlango humu ndani usiofunguka mbele yake akiwa na kipande cha waya. Kule wanawapa methadoni, dawa ya maji ya kunywa. Unakunywa mbele ya muuguzi, halafu lazima useme neno, ili ajue umemeza na hukuificha mdomoni ukaiuze. Wengi wanasema "asante" tu. Mdogo wangu kila siku alikuwa anamtajia aina moja ya kufuli. Leo kufuli la baiskeli, kesho komeo la choo, keshokutwa kufuli la namba. Sista akaanza kuziandika ukutani kwa penseli.

Daktari wa akili alimweka chini wakaongea. Waya alivyotoka aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia: kwamba tangu siku ile Baba, kaka yako, alipoanguka akafa hapa, mbele ya jiliwa la kubania funguo, na yeye akiwa peke yake naye dukani, hajawahi kulala vizuri. Unga ndio ulikuwa unamlaza. Miaka minne, Shangazi, tunalala nyumba moja na sikujua. Nilidhani ni kiburi tu na marafiki wabaya.

Kwa wiki tano alikuwa mtu. Alirudi kwenye benchi, akawa anachonga funguo haraka kuliko mimi, na kunicheka juu yake. Mama akaanza kuimba jikoni. Halafu Jumatano moja akarudi macho yamelegea, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, anajikuna pua. Tukajua amerudia unga. Na siku hiyo hiyo barua yako ikafika: "Mfungieni ndani wiki nzima, mpaka yamtoke yote. Kaka yangu angefanya hivyo."

Mama aliisoma mara tatu. Akalia. Akaniambia, basi si una ujuzi wa Baba yako, fanya.

Kesho yake, Alhamisi, Waya alikwenda kunywa dawa kama kawaida. Alipokuwa huko nikakifunga kitasa kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nilichagua kile kizito cha chuma, kizuri kuliko vyote dukani. Alivyorudi akaingia kubadili shati, nikazungusha ufunguo nikautia mfukoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada?" mara moja, kama mtu anayeuliza kama kuna mtu nyumbani.

Chakula tukawa tunampitishia dirishani upande wa uani. Ijumaa ikamwanza arosto, yale maumivu ya mwili kudai unga: jasho, kutapika, miguu inarusha mateke yenyewe. Nilichungulia dirishani nikajikaza. Nikajiambia uchafu ndio unatoka. Na ile dawa ya kituoni nayo, kwa akili zetu, tuliihesabu kuwa ni unga mwingine wa serikali, tukaona heri aache vyote kwa mkupuo. Hapo ndipo tulipokosea, Shangazi, na nataka ulijue hili vizuri kama nilivyolijua mimi, kwa uchungu.

Jumapili kituo kilituma mtu. Wana kijana mmoja tunamwita Viatu, kwa sababu raba zake ni nyeupe kuliko shuka za hospitali. Alitumia unga miaka mingi, akaacha, sasa kazi yake ni kupita vichochoroni kuwatafuta wasiofika. Alibisha hodi, akamkuta Mama. Mama, mlokole wako wa miaka yote, akamtazama usoni akamwambia Waya amesafiri, amekwenda kwa shangazi yake. Ndiyo, kwako! Viatu akasema, sawa mama, ila nisikilize: mtu akikosa dawa siku tatu, mwili unasahau. Akirudi kwenye unga akatumia kiasi kile alichozoea, anakufa. Hata hiyo dawa yenyewe akinywa ya kipimo cha zamani, inaweza kumuua. Mkimwona tu, mleteni.

Mama akafunga mlango akakaa na siri hiyo. Aliniambia Jumatatu asubuhi, nikiwa navaa viatu vya kwenda kazini, tena kwa sauti ya kuniulizia chumvi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Nilikimbilia mlango wa nyuma na ufunguo nikauangusha mara mbili.

Niliutia tunduni nikazungusha, na haukuwa na cha kuzungusha. Mlango ulikuwa wazi.

Nilijua keshatoka. Nilijua yuko mahali amelala chali midomo imekuwa ya bluu. Nikausukuma mlango, nikamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amejifunika blanketi, ndoo mbele yake. Karibu na mguu wake kulikuwa na waya alioung'oa kwenye mpini wa ndoo, ameupinda vizuri kabisa kama Baba alivyotufundisha. Aliniambia baadaye kwamba alikifungua kitasa changu Alhamisi ile ile. Kitasa kizuri kuliko vyote dukani.

Nikamuuliza, ulifungua ukakaa? Meno yanagongana, ananijibu, "Ningetoka peke yangu ningekwenda kule kwenye unga, Dada. Nilikuwa nangoja ufungue wewe."

Sijui kama unaelewa nilivyojisikia. Siku nne mdogo wangu anakaa nyuma ya mlango usiofungwa, anaumwa, anangoja mtu wa pili. Na huyo mtu wa pili nilikuwa mimi, niko dukani nachonga funguo za watu.

Tukampeleka kituoni tumemshika huku na huku. Sista hakutugombeza, na ingekuwa nafuu angetugombeza. Mama alimwambia ukweli wote akiwa amesimama, kama mwanafunzi. Wamemwanzisha upya kwa kipimo kidogo sana, wanapandisha taratibu. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kidogo hakimshiki. Bado mwili unamdai, na mwili huo huo sasa hauwezi kubeba unga kama zamani. Sista alisema wiki mbili za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Leo ni siku ya tisa.

Wametufundisha dawa ya kupuliza puani, ya kumrudisha mtu pumzi zikikatika, na namna ya kumlaza ubavu. Mama alipoipokea alitaka kuifungia kabatini, maana nyumba yetu unaijua, hata sukari ina kufuli. Sista akamwambia hicho ndicho kitu pekee ambacho hamtakifungia. Tumeitundika kwenye msumari kando ya mlango. Kitasa nimeking'oa. Mlango umebaki na tundu, Mama ameliziba kwa kitambaa, anasema linamkodolea macho.

Wiki nzima nimemsindikiza kila asubuhi. Jana akaniambia, "Dada, watu wananiona kama mtoto wa chekechea, bado begi tu." Tulicheka. Sista naye akasema ajaribu. Nikasema sawa. Sasa najuta kusema sawa.

Saa nne na robo. Niliacha kalamu, alikuja dereva anataka ufunguo wa pili wa gari. Nimemharibia. Amenitazama akasema, "Fundi, leo umeamka upande gani?" Nimemwomba arudi mchana.

Nimepiga simu ya kituo mara tatu, inaita tu. Asubuhi wana foleni hadi barabarani. Waya mwenyewe hana simu, aliiuza mwaka juzi.

Sista amepokea. Shangazi, alifika. Alikunywa saa mbili na dakika ishirini, akatoka. Saa mbili na dakika ishirini! Nikamuuliza alitaja kufuli gani. Akasema, "Leo hakutaja kufuli. Alisema mlango wa chumbani."

Kutoka kituoni kuja hapa njia inapita maskani, lile banda bovu wanakokutania watumiaji wa unga. Na mtu aliyekwisha kunywa dawa akiongeza unga juu yake, Sista alituambia hiyo ndiyo inayozima pumzi haraka kuliko zote. Nilitaka kutoka mbio. Sista akanikataza. Amesema Viatu keshatoka kumtafuta, anajua vichochoro kuliko mimi, na mimi nikae hapa hapa, kwa sababu Waya aliahidi kuja hapa, akija akakuta pamefungwa tutakuwa tumemfungia mara ya pili.

Basi nimekaa. Nimeazima dawa ya puani nyingine kutoka kituoni tangu wiki iliyopita, iko kwenye mfuko wa aproni, nimeishika kwa mkono wa kushoto na huu wa kulia ndio unaandika. Samahani kwa mwandiko. Mama hajui kitu, anadhani tuko wote hapa tunafanya kazi. Ananipigia kuniuliza tule nini mchana, namjibu chochote tu Mama, na sauti naikaza asitambue.

Nataka nikuambie kitu nikiwa bado sijui mwisho wake, kwa sababu nikishajua huenda nisithubutu. Shangazi, akirudi au asiporudi, usituandikie tena tumfungie mtu. Si kwamba hukumpenda. Ninyi mlilelewa kwa makomeo na mkatulea kwa makomeo, na Baba alikula kwa makomeo. Lakini huyu hakuna kitasa cha kumzuia, na angekuwepo kaka yako angelijua hilo kabla yetu.

Saa tano kasoro dakika kumi. Hakuna mtu.

Saa tano. Gari la wagonjwa limepita na king'ora. Limekwenda upande wa sokoni, si upande wa maskani. Nimesimama mlangoni mpaka sauti imepotea.

Shangazi, amekuja.

Amekuja na miguu yake. Viatu alikuwa nyuma yake kama hatua kumi, akanipungia mkono akageuka kurudi kazini, raba zake zimejaa matope. Sikujua nilie au nimzabe kibao. Nilimshika Waya mashavu nikamtazama mboni, na yeye akasimama wima kama mtu anayepimwa miwani. "Angalia tu, Dada." Zilikuwa pana. Nikaangalia tena mara ya pili, na sioni aibu kukuambia hivyo.

Alifika maskani. Alinieleza mwenyewe bila kuulizwa. Alifika hadi mlangoni, akasikia wanavyomwita kwa furaha, akashindwa kuingia na akashindwa kupita. Mbele ya banda kuna kibaraza cha fundi cherehani. Akakaa pale. Masaa mawili na nusu mazima, Shangazi, amekaa kwenye kibaraza cha yule yule mama wa sahihi, anangoja atokee mtu wa kutembea naye. Fundi cherehani alimwona, akatoka na kiti na kikombe cha maji, akarudi kwenye cherehani yake bila kumuuliza neno. Hapo ndipo Viatu alipomkuta.

Kesho tutakwenda wawili. Na keshokutwa. Sista anasema hata ikiwa mwaka, hakuna anayehesabu. Jumamosi wameanza kikao cha ndugu wa wagonjwa, na Mama amesema atakwenda, mradi asiambiwe aongee. Tunajua ataongea yeye tu.

Sasa hivi Waya amekaa kwenye benchi la Baba, anausahihisha ufunguo wa dereva niliouharibu. Nasikia tupa inavyokwenda. Hofu haijaniisha, usidhani. Imekaa tu chini kwa muda.

Nisalimie Mjomba na umwambie redio yake bado iko kwangu, sijaisahau. Wasalimie mapacha, na huyo binti wa jirani mwenye subira ya kukuinua. Wifi yako anakukumbatia, ingawa bado anaona haya kwa uongo aliosema kwa jina lako. Mungu akuhifadhi, alipe goti lako nguvu, na akuweke hai uje uyaone mabenchi ya ghala la rangi kwa macho yako. Utuombee hizi siku tano zilizobaki.

Ni mimi nikupendaye sana, mtoto wa kaka yako, mwenye duka.

Ameniuliza namwandikia nani. Nimempa aisome yote. Ameisoma hadi mwisho, halafu ameniomba kalamu. Mwandiko unaofuata ni wake.

Shangazi, shikamoo. Ni Waya. Barua yako ile Mama alinisomea mlangoni, nikiwa ndani. Sina kinyongo. Niandikie mimi safari hii. Leo nimekunywa, na nimefika dukani. Kesho bado naiogopa.